Bei ya Kupanda Angani: Hotuba kwa Wanaotaka Kuanzisha Klabu ya Glaida Mtwara

Ndugu Mwenyekiti, Mweka Hazina, walimu wangu, wazazi mliowasindikiza vijana wenu, na nyinyi vijana ambao ndio mliotuita hapa: asalamu aleikum, na Bwana Yesu asifiwe. Ahsanteni kwa kunikaribisha nyumbani.

Mmeniomba nizungumzie glaida, yaani ndege isiyo na injini, niliyojifunza kuirusha nilipokuwa masomoni Ujerumani. Wapo waliotarajia nisimulie utamu wa kule juu. Utamu upo, na Mungu akijalia mtauonja wenyewe. Lakini barua yenu ilikuwa na swali moja lililopigiwa mstari: "Itatugharimu kiasi gani?" Leo nitajibu hilo tu.

Bei ya glaida yenyewe si tatizo kubwa kama mnavyodhani. Glaida hununuliwa mara moja, na ikitunzwa huruka miongo kadhaa. Kuipandisha ndiko kunakolipiwa kila siku ya kuruka, kila inapotoka ardhini, miaka yote. Kwa hiyo ombi langu kwenu ni hili: amueni kwanza mtairusha kwa njia gani, na gharama ya kuirusha mtagawana vipi, kabla hata hamjatazama picha ya glaida ya kununua.

Sisi watu wa kusini tunayo sababu yetu ya kuogopa kununua mashine kabla ya hesabu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa karanga, na Nachingwea ilikuwa sehemu yake. Matrekta yakaja, reli ikajengwa kutoka Mtwara kwenda bara, na yote hayo yalifanyika kabla udongo na mvua havijapimwa ipasavyo. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na zaidi ya pauni milioni 35 zikawa zimepotea. Bandari iliyojengwa kwa ajili ya mpango huo tunayo, tunaitumia. Reli iling'olewa. Babu zetu waliofyeka vichaka vile walishuhudia kila hatua, na sioni kwa nini wajukuu wao tuanze jambo kwa mtindo uleule.

Sasa tuingie kwenye kazi.

Glaida wakati wote inashuka ndani ya hewa inayoizunguka. Ile iitwayo ASK 21, ambayo klabu nyingi duniani huitumia kufundishia, ikiendeshwa vizuri katika hewa tulivu husogea mbele kiasi cha mita 34 kwa kila mita moja inayoshuka. Ikipata hewa inayopanda kwa kasi kuliko inavyoshuka yenyewe, itapaa. Mmemwona mwewe akizunguka juu ya shamba saa saba mchana bila kupiga bawa. Yuko ndani ya hewa iliyopashwa moto na ardhi. Glaida hufanya hivyo hivyo. Mwaka 2003 Klaus Ohlmann alisafiri zaidi ya kilomita 3,000 kwa siku moja juu ya milima ya Andes, Argentina, kwa mawimbi ya upepo peke yake. Mwaka 2018 glaida ya Perlan 2 ilipanda zaidi ya kilomita 22 huko huko Argentina.

Lakini kila mruko wa namna hiyo umeanza kwa mtu kulipia mita mia chache za kwanza. Mkitoa pesa ya kurushwa mnanunua kimo, basi. Yanayofuata ni ya upepo, jua na akili ya rubani.

Kimo hicho kinapatikana kwa njia kadhaa. Wajerumani wa miaka ya 1920, pale mlima Wasserkuppe, walirushwa kwa kamba ya mpira iliyovutwa na watu wakikimbia mteremkoni. Nguvu za watu hazikuwa na bei, ila ilitaka mlima. Wapo wanaovutwa na gari kwenye kiwanja kirefu sana. Zipo glaida zenye injini ndogo ya kujipandisha, na bei yake hatuiwezi kwa sasa. Kwetu zinabaki mbili za kujadili kwa dhati, ndege ya kuvuta na winchi.

Nianze na ndege ya kuvuta, kwa sababu nimesikia baadhi yenu mnaipendelea. Ni njia nzuri. Glaida inafungwa kwa kamba nyuma ya ndege ndogo yenye nguvu, mara nyingi aina ya Piper Pawnee au Super Cub, inavutwa hadi mita 600 au zaidi, na rubani wa glaida anaachia pale anapoona hewa inapanda. Haihitaji watu wengi uwanjani, na inaweza kukuacha chini kabisa ya wingu unalolitaka.

Angalieni sasa kinacholipwa. Ndege ile lazima ijibebe yenyewe kwenda juu pamoja na glaida, kisha ishuke taratibu ili injini isipoe ghafla na kupasuka silinda. Kila mrusho unakula kiasi cha dakika kumi za injini na lita kadhaa za mafuta. Na mafuta yenyewe ni petroli ya ndege. Ndege za Air Tanzania zinazotua hapa Mtwara zinatumia mafuta ya taa ya ndege, kitu tofauti kabisa, kwa hiyo msidhani kwamba kwa kuwa uwanja una mafuta basi na sisi tuna mafuta. Petroli ile tutaisafirisha kwa mapipa, na usafiri huo nao unaingia kwenye bei. Halafu kuna injini. Injini ya Lycoming ya aina inayofungwa kwenye ndege hizi imewekewa na watengenezaji kikomo cha kama saa 2,000, kisha inafumuliwa yote na kuundwa upya. Pesa ya siku hiyo lazima ikatwe kidogo kidogo kwenye kila mrusho tangu mrusho wa kwanza. Ongezeni ukaguzi wa kila mwaka, bima, na rubani wa pili mwenye leseni ya ndege ya injini ambaye lazima awepo kila mnaporuka. Katika klabu za Ulaya bei ya kuvutwa na ndege huwa mara kadhaa ya bei ya winchi, na hapo mafuta yanapatikana jirani na fundi yuko kijiji cha pili.

Winchi ni jambo jingine. Bandarini mnaziona kila siku zikinyanyua mizigo. Hii yetu ni injini ya lori au ya gari kubwa, yenye dramu moja au mbili za kuzungushia waya, imesimamishwa mwisho wa kiwanja. Waya wa kilomita moja unavutwa na gari hadi upande wa pili ilipo glaida, unanasishwa kwenye ndoano ya tumboni, ishara inatolewa, na dramu inaanza kuzunguka. Ndani ya sekunde chache glaida imeshaacha ardhi, inainua pua na kupanda kwa mwinuko mkali. Chini ya dakika moja baadaye iko mita 350 hadi 450 juu, na upepo wa mbele ukiwa mzuri hata zaidi. Rubani anaachia waya, nao unashuka kwa mwavuli mdogo huku mwendesha winchi akiuvuta usidondokee nje ya kiwanja.

Kijana mmoja aliniuliza kabla ya kikao: kwa kuwa gesi iko hapa Mnazi Bay, kwa nini winchi yetu isitumie gesi tukaokoa gharama? Swali lake linastahili jibu la kina, na jibu lenyewe ndilo linaloeleza winchi kuliko kitu kingine. Glaida yenye watu wawili, tuseme kilo 500, ikipandishwa mita 400, kazi iliyofanyika, kwa kipimo cha nishati kiitwacho joule, ni kama joule milioni 2. Lita moja ya dizeli ina joule kama milioni 36. Maana yake, kazi halisi ya kuinyanyua ni sehemu ya kumi na nane ya lita. Injini hupoteza sehemu kubwa kwa joto, waya nao unakokota hewa, lakini hata ukihesabu hasara zote hizo hutarajii kuvuka lita moja kwa mrusho. Klabu kadhaa za Uingereza kweli zinaendesha winchi zao kwa gesi, ingawa ni ile ya mitungi, na siku moja sisi pia tunaweza. Ila mafuta ndiyo sehemu ndogo ya gharama. Hata tungepewa bure, bei ya mrusho isingeshuka sana.

Pesa inakwenda wapi basi? Inakwenda kwenye waya, na inakwenda kwenye siku ambazo winchi imekaa kimya.

Waya wa chuma unasuguliwa ardhini kila unaporudishwa, unajikunja, unakatika, unaungwa, unakatika tena. Hapa pwani una adui mwingine, chumvi ya bahari. Kila mwenye baiskeli Shangani au Mikindani anajua kutu inavyokula. Waya ukihifadhiwa karibu na bahari bila kupakwa mafuta utazeeka mapema kuliko ule wa Ulaya uliotajwa kwenye vitabu. Kamba za kisasa za nyuzi za plastiki ngumu hazishiki kutu, ni nyepesi mno ukilinganisha na chuma, na zikikatika hazirudi nyuma kwa hatari kama waya. Lakini ni ghali kununua, na mchanga na jua kali huzila. Nashauri tuanze na chuma, tukiwa na akiba ya waya mzima wa pili stoo tangu siku ya kwanza, kwa sababu siku waya utakapochoka hautawasubiri mchangishane.

Kati ya waya na glaida kuna kipande kidogo cha chuma kilichotengenezwa ili kikatike kwanza, nguvu ikizidi. Kina rangi kulingana na nguvu inayokikata, na kila aina ya glaida imeandikiwa rangi yake. Bei yake ni ndogo mno kulinganisha na kinachokilinda, yaani mabawa na waliomo ndani. Mweka Hazina, kwa kipande hiki nakuomba usikubali ubahili wa mtu yeyote, wala fundi atakayekwambia bolti ya dukani inafaa.

Sasa hizi siku za kimya. Nachukua tarakimu za mfano tu, ili hesabu ionekane. Tuseme gharama ambazo lazima zilipwe kwa mwaka hata winchi isipowashwa, yaani bima, akiba ya waya, matengenezo na banda, ni shilingi milioni 6. Mkirusha mara 300 kwa mwaka, kila mrusho umeshabeba shilingi 20,000 kabla ya tone la kwanza la mafuta. Mkirusha mara 1,200, kila mrusho umebeba shilingi 5,000. Winchi ni ileile, waya uleule, na wanachama walewale. Kilichobadilika ni wingi wa mirusho.

Naomba wazazi walitazame hilo vizuri, kwa sababu kawaida yetu ni kudhani kwamba kubana matumizi ni kuruka kidogo. Kwenye winchi, klabu inayoruka kidogo ndiyo inayoruka kwa bei kubwa. Na mwanafunzi anahitaji makumi ya mirusho kabla mwalimu hajamwachia aruke peke yake. Akipata mrusho mmoja kwa mwezi, anasahau mwezi huu alichojifunza mwezi uliopita, na atalipia mirusho mingine kufidia usahaulifu huo. Akipata minne kwa siku moja, anajifunza.

Kitakachoongeza mirusho ni watu. Kwa mrusho mmoja unahitaji mwendesha winchi, mtu wa kushika ncha ya bawa, mtoa ishara, dereva wa gari la kurudisha waya, na mwandishi wa daftari. Ni watano, mbali na walio ndani ya glaida. Kama hawapo, winchi haiwaki. Ndiyo maana katika klabu za Ujerumani kila mwanachama anadaiwa saa za kazi kwa mwaka, kuanzia kupiga msasa mabawa wakati wa baridi hadi kuendesha winchi wakati wa kiangazi, na asiyezitimiza analipa pesa badala yake. Vijana wa miaka 14 kule wanaruhusiwa kisheria kuruka peke yao, na familia nyingi zisingemudu kama jasho lisingehesabiwa kama malipo.

Hapo ndipo ninapowatazama wale wa nyuma, mnaoogopa kwamba klabu hii itakuwa ya wenye nacho. Isiwe. Naomba katiba ya klabu iseme wazi kwamba saa ya kazi uwanjani ina thamani yake kwenye daftari, na kijana asiye na shilingi aweze kuruka kwa saa alizorudisha waya juani. Na iseme kwa ukali uleule kwamba mtu haruhusiwi kuja saa nne, kuruka, na kuondoka saa sita. Mtu huyo, hata akilipa taslimu, amewaachia wenzake wanne kazi ya watano, na mirusho ya mchana mzima imepungua kwa sababu yake. Mwendesha winchi niliyemwamini kuliko wote Ujerumani alikuwa binti wa miaka 20 aliyeanza kwa kushika ncha ya bawa. Nataka niwaone mabinti wa Mtwara kwenye kile kiti.

Kuhusu bei yenyewe. Kila mkulima wa korosho humu ndani anaijua karatasi ya malipo baada ya mnada: bei ya kilo iko juu, kisha yanafuata makato, moja baada ya jingine, na mwisho kinachobaki. Mnajua pia kelele zinaanza wapi: pale kato moja linapokuwa halieleweki ni la nini. Bei ya mrusho ibandikwe ukutani kwa namna hiyo. Mafuta kiasi hiki, waya kiasi hiki, injini kiasi hiki, bima kiasi hiki. Msifiche humo pesa ya kununulia glaida ya pili, wala chai ya viongozi. Hayo yaende kwenye ada ya mwaka, ambayo mtu anailipa akijua. Na msiishushe bei chini ya gharama ya kweli kwa sababu mfadhili ameahidi kufidia. Mfadhili akiondoka, mtapandisha bei ghafla kwa watu waliozoea bei ya uongo, nao wataondoka.

Kuna jambo moja la bei ambalo ni la uhai, na hapa sitaki maafikiano ya nusu. Waya ukikatika, au winchi ikipoteza nguvu, au rubani akiachia mapema kwa sababu yoyote anayoiona yeye, mrusho huo usilipiwe. Dawa ya winchi kupungua nguvu ni kushusha pua mara moja, kuachia waya na kutua. Ni uamuzi wa sekunde mbili. Rubani ambaye kichwani mwake kuna shilingi alizolipa anaweza kusubiri sekunde ya tatu, akitumaini mvuto utarudi, huku kasi inaisha na ardhi iko karibu. Klabu ibebe hasara hiyo, iandikwe kwenye hesabu, na asiulizwe mtu kwa nini aliachia kana kwamba ameiba.

Mahali. Najua mnatamani iwe hapa hapa mjini. Kiwanja cha Mtwara kina ndege za abiria, na waya wa kilomita moja uliolazwa juu ya njia ya kurukia hauchangamani na ratiba za abiria. Tena hewa ya pwani inapozwa na upepo wa bahari, haipandi sana. Bara ndiko kuna joto: Masasi na majabali yake, Nachingwea, na Newala pale ukingo wa nyanda za Makonde unapoporomoka kuelekea bonde la Ruvuma. Waliosimama Shimo la Mungu wameusikia upepo ukipanda usoni kutoka chini. Upepo wa namna hiyo ndio glaida zinaupenda, ingawa itabidi tuupime kwa msimu mzima kabla ya kuutegemea. Mimi naelekea Masasi kwanza. Lakini Masasi ni karibu kilomita 200 kutoka hapa, na nauli ya kwenda na kurudi ni sehemu ya bei ya mrusho hata kama haiingii kwenye daftari la winchi. Kambi ya siku nne mfululizo itatugharimu kidogo kuliko Jumamosi nne zilizotawanyika, na mirusho itakuwa mingi zaidi. Na iwe kati ya Juni na Oktoba, mvua zikiwa zimekwisha, kusi ikitupa upepo wa mbele kama kiwanja kimeelekea vizuri.

Vibali tutaviomba Mamlaka ya Usafiri wa Anga mapema, na wenyeji wa karibu na kiwanja tuwafuate wenyewe, tukae nao. Mbuzi, watoto na waendesha baiskeli wanakatiza viwanja vyetu vya bara kila siku, na waya unaokimbia haumsubiri mtu apite. Vijana wawili wa kulinda kila upande walipwe, na malipo yao yaandikwe kwenye ile karatasi ya ukutani.

Ndugu Mwenyekiti, naliomba kusanyiko hili lipige kura leo kwa mambo mawili tu. La kwanza, kwamba tutaanza kwa winchi, na ndege ya kuvuta isitajwe tena mpaka tuwe tumemaliza msimu mmoja mzima. La pili, kwamba pesa ya kwanza itakayochangwa iende kwenye injini, dramu na waya, huku fedha ya glaida ikifunguliwa akaunti yake pembeni. Fundi wa malori wa hapa Chikongola, aliyekaa safu ya pili, amekubali kuikagua injini itakayopatikana kabla hatujalipa hata shilingi. Mweka Hazina, nimekuachia karatasi ya hesabu yenye nafasi tupu kwenye kila tarakimu. Bei za dizeli na za waya mzijaze wenyewe, kwa risiti za Mtwara, kabla ya kikao kijacho.